Neno "Subiri" Liondolewe Kliniki

Katika kliniki nyingi za mama na mtoto husikika neno moja ambalo hutamkwa kwa nia njema lakini huzaa madhara ya maisha. Neno hilo ni "subiri". Mama hueleza kwamba mwanawe wa miezi mitano shingo haijakaza, au hukakamaa kila anapobebwa, au hupaliwa kila anaponyonya. Mizani husomwa, sindano huchomwa, kadi hujazwa, kisha jibu hutolewa kwamba watoto hawalingani na huyu naye atakua. Mama hurudi nyumbani akiwa ametulizwa. Mwaka hupita, wa pili ukaanza, na mtoto bado hajaketi. Hapo ndipo hupelekwa hospitali kubwa, na hapo ndipo jamaa huelezwa kwamba mtoto wao ana mtindio wa ubongo. Wakati huo miezi yenye thamani kuliko yote imekwisha kupotea, na hakuna dawa wala fedha iwezayo kuirudisha.

Ni vyema kwanza jambo lenyewe lieleweke. Mtindio wa ubongo si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala si adhabu kwa mzazi. Ni jina la jumla la matatizo ya mwendo na mkao wa mwili yanayotokana na dosari au jeraha lililoupata ubongo ungali mchanga, ama mimba ikiwa tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo ya uhai. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini athari zake mwilini hubadilika kadiri mtoto anavyokua: misuli hukaza, viungo hupinda, nyonga huweza kuteguka. Mwaka 1862 daktari mpasuaji William Little wa London alichapisha maelezo yaliyohusisha hali hii na uzazi wenye matatizo. Mwaka 1897 Sigmund Freud, aliyekuwa daktari wa mishipa ya fahamu kabla ya kujulikana kwa mambo mengine, alionyesha kwamba mara nyingine chanzo hutangulia uzazi wenyewe. Wataalamu wa leo wanakubali kwamba vyanzo ni vingi, na kwamba kumtafuta mkosaji ndani ya nyumba ni kupoteza wakati.

Ukubwa wa tatizo hili katika Afrika Mashariki haukujulikana kwa muda mrefu, kwa kuwa watoto wenyewe hawakuhesabiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa katika eneo la Iganga na Mayuge mashariki mwa Uganda, ulipima watoto zaidi ya 31,000 kijiji kwa kijiji. Ulikadiria kuwa katika kila watoto 1,000, takriban 3 wana mtindio wa ubongo. Kwa kipimo hicho, kata yenye watoto 5,000 ina watoto 15 wa aina hiyo. Ofisa mtendaji anayedai kwamba katika kata yake hayupo hata mmoja, basi hajawatafuta. Lakini utafiti huo ulionyesha jambo zito zaidi. Wenye ulemavu mkubwa wa mikono na miguu yote walionekana zaidi katika rika la wadogo kuliko katika rika la wakubwa. Watafiti walieleza kwamba hiyo ni dalili ya watoto wenye hali nzito kutoishi muda mrefu kama wenzao. Mtoto asiyeweza kumeza vizuri hudhoofu kwa njaa mbele ya chakula, au hupatwa na nimonia chakula kinapoingia mapafuni. Kwa hiyo kuchelewa hakumnyimi mtoto kutembea tu, humnyima uhai.

Swali linalofuata ni kama kweli inawezekana kumtambua mtoto kama huyu mapema. Zamani jibu lilikuwa kwamba haiwezekani kabla ya mwaka mmoja au miwili, na wengi waliosomea uganga na uuguzi miaka iliyopita walifundishwa hivyo. Elimu hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo uliobainisha kwamba mtindio wa ubongo, au hatari kubwa ya kuwa nao, unaweza kutambuliwa kabla ya mtoto kutimiza miezi sita. Mwongozo huo ulitokana na kazi ya miaka mingi, hasa ya daktari Heinz Prechtl aliyefanya kazi Groningen, Uholanzi. Kwa kumtazama mtoto mchanga aliyelala chali, akiwa macho na ametulia, Prechtl aligundua kwamba mtoto mzima wa umri wa kati ya wiki 9 na wiki 20 huwa na vijongeo vidogo vidogo vya shingo, mabega, viwiko, kiuno na vifundo vya miguu, vinavyotokea pande zote bila kukoma. Vijongeo hivyo visipoonekana kabisa katika umri huo, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997 na yamethibitishwa mara nyingi tangu hapo.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mtumishi wa zahanati iliyo mbali na barabara ya lami. Kwa ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto huletwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Safari mbili kati ya hizo tatu zinaangukia ndani ya muda ule ule ambao ubongo wa mtoto huonyesha hali yake. Hakuna haja ya kumtafuta mtoto huyo porini. Mama amekwisha kumleta, naye amelazwa mbele ya muuguzi. Kinachohitajika ni dakika tatu za kumtazama kabla ya sindano, maana baada ya sindano atalia na kipimo kitaharibika. Kwa simu ya mkononi mwenye mafunzo kidogo anaweza kumrekodi na kupeleka picha hizo kwa mtaalamu aliye mkoani. Kwa mtoto njiti, umri huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Muuguzi asiyefuata hesabu hiyo atawatia hofu wazazi bure, au atamtazama mtoto kabla ya wakati wake.

Kipo pia kipimo kinachofahamika kwa jina la hospitali ya Hammersmith ya London, chenye vipengele 26 na alama zisizozidi 78, kinachofaa kwa watoto wachanga hadi umri wa miezi 24. Hakihitaji umeme wala mtambo. Huhitaji mikono ya mtumishi, macho yake na dakika chache za utulivu. Zaidi ya hayo, zipo dalili ambazo hata asiye mganga anaweza kuzishika: ngumi iliyofumbwa daima na kidole gumba ndani yake baada ya miezi minne, shingo isiyokaza katika umri huo huo, miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi mtoto anapoinuliwa, mwili ulioregea kupita kiasi, kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, na shida ya kunyonya au kumeza. Shirika la Afya Duniani, kwa vipimo vilivyokusanywa katika nchi kadhaa zikiwamo Ghana na Oman, lilionyesha mwaka 2006 kwamba karibu watoto wote wenye afya huketi bila kushikwa kabla ya kupita miezi 9, na hutembea wenyewe kabla ya kupita miezi 18. Kwa hiyo ule usemi kwamba watoto hawalingani ni kweli, lakini kutolingana huko kuna mipaka yake.

Ni makosa vilevile kudhani kwamba watakaohitaji kutazamwa ni wale tu waliozaliwa kwa taabu. Takriban nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo hawakuwa na alama yoyote ya hatari walipozaliwa. Kwa hao, wa kwanza kugundua jambo huwa ni mama au bibi, anayeona kwamba huyu hanyoshi mkono kama walivyonyosha wenzake. Neno la mama lina uzito wa kipimo. Mtumishi anayelipuuza amepuuza kipimo cha bei nafuu kuliko vyote.

Wapo watakaouliza kuna faida gani kumtambua mtoto mapema katika wilaya isiyo na mtaalamu hata mmoja wa mazoezi ya viungo. Je, si kumtwika mama huzuni bila kumpa msaada? Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba ubongo wa mtoto katika mwaka wake wa kwanza bado unajijenga, na hujijenga kwa kutumiwa. Njia ya fahamu inayotumika huimarika, isiyotumika hufifia. Mtoto anayelazwa chali kutwa nzima kwa sababu hawezi kujigeuza hunyimwa pia nafasi ya kujifunza kujigeuza. Jibu la pili ni kwamba kazi kubwa ya kumsaidia haifanywi na mtaalamu anayeonekana mara moja kwa mwezi. Hufanywa nyumbani, na wazazi walioonyeshwa namna ya kuifanya.

Na namna yenyewe si ya ajabu. Mtoto huketishwa wima anapolishwa, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo, wala hamiminiwi uji kinywani akiwa amelala. Huwekewa kitu anachokipenda karibu kidogo na uwezo wake wa kukifikia, ili ajitahidi mwenyewe, kwa kuwa jitihada anayoianzisha mtoto hufundisha ubongo kuliko kuvutwa viungo na kukandwa huku yeye ametulia tu. Mwenye upande mmoja dhaifu huvishwa soksi katika mkono wenye nguvu kwa muda mfupi kila siku, mchezoni, ili ule mwingine ulazimike kufanya kazi. Huzungumzwa naye na kuimbiwa hata kama hajibu. Macho na masikio hupimwa, kifafa hutibiwa, na nyonga hupigwa eksirei kwa vipindi ili zisiteguke bila kujulikana. Nchini Uganda umeanzishwa mpango uitwao Baby Ubuntu ambao wazazi wenye watoto wachanga wa aina hii hukutana kwa vikundi na kufundishwa mambo hayo, na miongoni mwa wafundishaji wamo wazazi waliolea watoto kama hao. Hakuna kijiji cha Tanzania kinachoshindwa kuwa na kikundi cha namna hiyo.

Ni lazima pia isemwe wazi kwamba mtindio wa ubongo si upungufu wa akili. Takwimu za nchi zilizowafuatilia watoto hawa kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba karibu nusu yao wana akili za kawaida, na kwamba watatu katika kila wanne huishi na maumivu ya mwili. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi yumo mtoto anayeelewa kila linalosemwa juu yake, anayeumia na hawezi kusema, huku akihesabiwa kuwa mjinga.

Yapo mazoea ambayo hayana budi kuachwa. Degedege bado hudhaniwa na baadhi ya watu kuwa kazi ya ndege au pepo, na mtoto huzungushwa kwa waganga huku malaria ya ubongo ikiendelea kumdhuru. Mtoto aliyechelewa kusimama bado hufukiwa shimoni hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, wakati tatizo haliko miguuni bali kwenye ubongo unaoiamuru. Mtoto mwenye manjano huanikwa juani siku kadhaa bila kupimwa, ilhali manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari, na yakipanda sana huharibu ubongo moja kwa moja. Taa maalumu za hospitali huyashusha kama mtoto atawahishwa. Mbaya kuliko yote ni desturi ya kumlaumu mama. Baba huondoka, ukoo hujitenga, na mwanamke hubaki peke yake na mtoto mgongoni, akiambiwa kwamba alikosea mwiko. Mila inayomtupa mtu kwa jeraha la mwanawe haistahili kuitwa mila.

Kinga nayo imo mikononi mwa watumishi wa umma. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Tanzania ilianza mwaka 2009 kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyelia kwa kumkausha, kumchangamsha na kumpulizia hewa kwa kifuko na barakoa ndani ya dakika hiyo. Matokeo ya hospitali 8 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 katika kila watoto 1,000. Hayo hayakuletwa na mitambo mikubwa, bali na mkunga aliyefundishwa na kufanyishwa mazoezi mara kwa mara. Kinyume chake, kupooza mwili wa mtoto aliyekosa hewa, njia iliyosaidia katika nchi tajiri, kulijaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba hakukupunguza ulemavu huko, bali vifo viliongezeka. Fundisho ni kwamba kilichofaa kwingine hupimwa kwanza, na kwamba mkono uliozoezwa vyema huokoa kuliko chombo kisichoendana na mazingira.

Lakini mtoto aliyeokolewa dakika ya kwanza hana budi kufuatiliwa. Kuokoa uhai kisha kumwacha mtoto apotee katika orodha za kliniki ni kazi iliyofanywa nusu. Aliyepuliziwa hewa, aliyezaliwa njiti, aliyepata degedege katika wiki ya kwanza, aliyeugua manjano makali au homa ya uti wa mgongo, wote hao kadi zao zitiwe alama siku ya kuruhusiwa, ili muuguzi wa wiki ya 14 ajue bila kuuliza.

Sheria na mipango haikosekani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwendo wamekuwa wakifundishwa Moshi tangu mwaka 1981. Siku ya Mei Mosi mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mama mtumishi aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda wa kumlea. Hiyo ni hatua ya haki, na haki hiyo hiyo inadai kwamba mama mtumishi anayempeleka mwanawe mazoezini kila juma asinyimwe ruhusa wala asiandikiwe barua ya utoro.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya karatasi na kitanda cha kliniki, na kiungo hicho ni watu. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuamuru leo kwamba mtoto wa wiki 10 na wiki 14 atazamwe kabla ya chanjo. Amri hiyo haihitaji fungu jipya. Ofisa mipango anayeandaa bajeti ya halmashauri anaweza kuweka nafasi moja ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo na nauli yake ya kuzunguka zahanati. Ofisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji wanaweza kuwa na daftari la watoto hawa, na kumtembelea yule ambaye mlango wa nyumba yao haufunguliwi wageni wanapokuja.

Mwalimu ana nafasi yake, tena kubwa. Ndiye anayeandikisha wanafunzi wa darasa la awali na la kwanza, na ndiye anayeweza kuuliza aliko mtoto ambaye umri umefika lakini jina halikuletwa. Zaidi ya hayo, kijijini mwalimu husikilizwa. Akisimama katika mkutano wa wazazi na kueleza dalili zile chache, maneno yake yatafika katika nyumba ambazo bango la Wizara halifiki. Taifa hili lina ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa maarifa kwa lugha wanayoielewa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo usemi huo ni wa kweli kwa maana ya moja kwa moja: miezi ambayo ubongo wake unaweza kufundishwa kwa wepesi ni michache na haingoji. Mtumishi atakayemtazama katika wiki ya 14, akamsikiliza mama na kumwonyesha la kufanya siku hiyo hiyo, huenda asimpe mtoto miguu ya kukimbia. Lakini anaweza kumpa shingo iliyosimama, mkono wa kushika kijiko, sauti ya kuomba maji na kiti darasani. Hayo si madogo. Na kila anapoambiwa "subiri" mama aliyekuja na wasiwasi wa haki, hayo ndiyo yanayochukuliwa kutoka kwa mwanawe.